Maji ya Uvuguvugu

Mtu mkatili najua namna ya kumkabili. Unampa ukweli wake, mnagombana, mnanuniana mwezi mzima, yanaisha. Anayenishinda ni mtu mwenye huruma. Huyo anakuja na tabasamu na dumu la maji mkononi, na wewe uliyekuja na hoja zako unabaki umesimama kama mjinga. Nina miaka tisa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee hapa Silver Spring, na kama kuna kitu nimejifunza ni jinsi watu wanavyoweza kuumizana kwa upole. Lakini nilichojifunza kazini hakikunisaidia majira ya baridi yaliyopita, nilipomwangalia mjomba wa mume wangu akimnyima ng'ombe maji kwa sababu anampenda.

Ng'ombe walikuwa watano, majike watupu, na sisi wenye ng'ombe ni familia sita, karibu wote watu wa Tanga, Mombasa na Unguja. Tulikuwa tumechoka kuchinja Idi kwa simu. Unampigia mtu usiyemjua, anakwambia tayari kashachinja, nyama inakuja kwenye mfuko, watoto hawajaona hata ukwato. Basi tukachangishana, tukakodi kiwanja cha malisho Beltsville nyuma ya nyumba ya mkulima mmoja mzee wa Kimarekani, ng'ambo ya barabara kukiwa na mashamba ya utafiti ya serikali. Tukanunua ng'ombe wenye asili ya milima ya Uskoti, wale wenye manyoya marefu yanayofunika macho na pembe pana kama mikono ya mtu anayekukaribisha. Aliyetuuzia alisema hawa hawataki zizi, wanataka miti ya kukinga upepo, nyasi kavu za kutosha na maji. Alirudia neno maji mara mbili, nakumbuka, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu naye na wengine walikuwa wanapiga picha.

Mimi ndiye mtu wa ng'ombe katika kundi lile. Nimezaliwa Makete, kule juu ambako mwezi wa saba unaamka unakuta sakitu imelala kwenye majani, nyeupe kabisa, na viazi vimeungua kwa baridi. Mama yangu alifuga. Nimekamua kabla sijajua kusoma. Watu wa pwani walipojua hivyo walifurahi sana, wakasema alhamdulillahi, tumepata mtaalamu. Kisha wakapanga zamu za wiki, na kwenye orodha wakaandika jina la mume wangu, ambaye amekulia Tanga mjini na anaogopa mbuzi. Nikacheka siku ile. Ningejua ningechana ile karatasi.

Mjomba tulikuwa tunamwita hivyo sote, hata wasio ndugu zake, lakini kwa mume wangu ni mjomba wa damu, kaka yake mama. Aliingia nchi hii zamani, akaendesha teksi mpaka magoti yakamkataa. Sisi tulipofika ndiye aliyetupokea nyumbani kwake Lanham, akatupa vyumba vya chini, akakataa katakata kusikia habari ya kodi. Nilikuwa na mimba ya binti yetu wa kwanza. Kila asubuhi mzee yule alishuka ngazi na kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi, akasimama mlangoni mpaka ninywe. Usinywe maji baridi mwanangu, aliniambia, yatamwingia mtoto kwenye mifupa. Mimi niliyekunywa maji ya kijito cha Makete mwezi wa saba, na mama yangu kabla yangu na mimba zake saba. Nilikuwa nanywa, nasema asante mjomba, akiondoka namwaga kilichobaki. Miezi minne. Sikuwahi kumwambia kwamba tangawizi inanitia kiungulia.

Majira ya baridi ya kwanza na wale ng'ombe, theluji ilianguka, na mjomba akaenda na brashi ya gari kuwapangusa migongo. Nilimkuta anahangaika, huyu anamfuta, yule anamkimbilia. Nikamweleza kwamba theluji isiyoyeyuka mgongoni ni habari njema, maana yake joto la mnyama limebaki ndani kwake. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaendelea kupangusa. Tulicheka sana ile habari, tukaitumia kwenye kila shughuli. Nilichopaswa kukiona, na sikukiona kwa sababu ya kucheka, ni kwamba yule mzee akiona baridi hasikii la mtu.

Sasa niseme jambo la maji, maana watu wengi hawalijui. Ng'ombe wa namna hii anajipasha joto kwa kula. Nyasi kavu zikiingia tumboni zinachachuka, na kuchachuka kule ndiko moto wake. Baridi ikizidi anakula zaidi, na akila zaidi lazima anywe zaidi, kwa kuwa zile nyasi hazina unyevu hata kidogo. Asipokunywa, chakula kinakauka tumboni, anaacha kula, na akiacha kula moto unazimika. Mkubwa wao anamaliza madumu mawili ya lita ishirini kwa siku hata kwenye barafu, na mwenye mimba zaidi ya hapo. Ndiyo maana tulikuwa na hori kubwa la maji lenye hita ya umeme chini yake. Ile hita haichemshi maji. Inazuia tu yasigande.

Mwaka uliofuata, Januari, baridi ilikuja kwa hasira. Ilikuwa zamu ya mjomba, kuanzia Jumapili, na kwa kuwa wengine walikuwa wanaogopa hata kutoa takataka nje, akajitolea kushika na wiki inayofuata. Watu wakamwombea dua kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nilikwenda Jumatano asubuhi nikitoka kazini, kupeleka jiwe la chumvi. Nilimkuta amevaa makoti mawili na kofia yake ya vito juu ya kofia ya sufu, anamimina maji kutoka kwenye dumu kwenda kwenye beseni, na mvuke unapanda. Hori lilikuwa limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao ameweka mawe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniangalia mimi au ng'ombe?"

"Wote, mjomba. Mbona hori limefunikwa?"

"Nimelifunika mimi. Hebu tia mkono humo. Tia, usiogope. Yanakata mpaka mfupa. Mnyama mwenye mimba unamnyweshaje kitu kile? Kifua si kitamshika?"

"Hita inayazuia yasigande tu. Baridi yake wao wameizoea."

"Nani kakwambia wameizoea? Hawana mdomo wa kusema. Tangu Jumapili nawaletea ya uvuguvugu kutoka nyumbani, madumu manne kila asubuhi. Na wanayapenda. Tazama, hawabakizi hata tone."

Nikatazama. Yule jike kiongozi, mwenye pembe kubwa kuliko wote, alikuwa ametia uso mzima kwenye beseni na anawasukuma wengine kwa mabega. Wa pili na wa tatu walipata yao. Wa nne alilamba lamba. Na wa tano, yule mwekundu mpole mwenye mimba ya miezi minane, alisimama nyuma kabisa akingoja zamu yake, kama kawaida yake, na zamu ilipofika beseni lilikuwa kavu. Akalamba theluji. Madumu manne kwa ng'ombe watano wanaotaka madumu kumi, na mzee anayahesabu mabeseni matupu kuwa ni shukrani.

"Mjomba," nikasema, "mmoja tu anaweza kumaliza madumu mawili."

"Wakati wa joto, ndiyo. Sasa hivi nani ana kiu? Wewe mwenyewe leo umekunywa glasi ngapi?"

Nilikuwa sijanywa hata moja. Nikacheka. Nikamshika bega, nikamwambia, "Kweli mjomba. Mwenyezi Mungu akulipe kwa huruma yako." Nikaweka jiwe la chumvi pale karibu na miti, nikapanda gari nikaondoka. Chumvi. Niliwapelekea chumvi wanyama wenye kiu, nikaenda zangu kulala.

Ubao ule haukuwa mzito. Nimeshawahi kumnyanyua mgonjwa wa kilo mia peke yangu. Ningeweza kuuondoa kwa mkono mmoja mbele yake, na mambo yangekwisha kwa mzee kununa. Sikuuondoa kwa sababu alikuwa mjomba wa mume wangu, kwa sababu ya vyumba vya chini vya Lanham na vile vikombe vya tangawizi, na kwa sababu nimelelewa kwamba mkwe hamsahihishi mzee. Nilijiambia nitatumia njia ya adabu. Jioni nikamwambia mume wangu.

"Usimkorofishe mzee," akasema. "Yule si supervisor wako, ni mjomba. Ijumaa baada ya swala nitamvuta pembeni nimu-approach taratibu. Ukimwambia wewe itaonekana mwanamke anamfundisha."

"Ijumaa ni keshokutwa."

"Siku mbili tu, jamani. Hao si ng'ombe wa barafu?"

Binti yetu, aliyekuwa kwenye kochi na simu yake, akasema bila kuinua kichwa, "Just text him, Mama." Nikamkaripia kwamba wazee hawatumiwi meseji za namna hiyo. Mtoto wa miaka kumi na nne alikuwa na akili kuliko nyumba nzima, na tukamnyamazisha.

Alhamisi mjomba akarusha video kwenye kundi. Ng'ombe wanakunywa, mvuke unafuka, yeye anasema bismillahi. Mioyo myekundu ikamwagika. Mama mmoja wa Mombasa akatuma sauti: "Mashallah mjomba, hawa ng'ombe wana bahati kutushinda sie. Mie mume wangu hata maji ya kuogea hanipashii." Kijana mmoja wa Nairobi akaandika kwamba mzee ameweza, hao ng'ombe wanaishi life poa. Mimi niliitazama video ile mara nne nikimtafuta yule mwekundu. Alionekana pembeni kwa sekunde moja, kichwa chini. Vidole vyangu viliandika, "Fungueni hori," kisha vikafuta. Nikaweka moyo. Naliandika hili kwa kuwa nimechoka kulificha: niliweka na mimi moyo mwekundu.

Ijumaa mume wangu alimvuta mjomba pembeni kama alivyoahidi. Wakaongea habari za goti lake, za ndugu mgonjwa Muheza, za mpira. Akarudi kwenye gari akaniambia hakupata upenyo. Upenyo. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa yanavuma, na bado sikufungua mlango wa gari. Mzee alikuwa hatua ishirini kutoka pale, anavaa viatu. Nilimpungia mkono.

Jumamosi asubuhi nikaenda Beltsville bila kumuaga mtu. Mwekundu alikuwa amesimama peke yake karibu na miti, mgongo umepinda, anasaga meno. Nyasi zilikuwa mbele yake na hazigusi. Macho yalikuwa yamezama. Nikatazama kinyesi chake, kigumu, kikavu, chenye utelezi, na pale pale nikajua, kama ambavyo mama yangu angejua akiwa mlangoni. Nikayarusha yale mawe, nikautupa ubao mbali, ukatua kwenye theluji bila hata kishindo. Wanne walikuja mbio wakanywa yale maji baridi yanayokata mfupa, wakanywa, wakanywa, mpaka hori likashuka nusu. Hakuna aliyetetemeka. Mwekundu nilimvuta kwa kamba mpaka pale. Akalowesha midomo, akaniangalia, hakunywa.

Daktari wa mifugo alifika mchana, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na sauti isiyo na maneno ya ziada. Alimfinya ngozi ya shingo, ikabaki imesimama. Akatia mkono kwa nyuma, akaukaza uso. Akaniambia chakula kimekauka na kuziba tumboni, na ndama hachezi. Tukapitisha mpira mdomoni mpaka tumboni, tukamimina maji na mafuta, ndoo baada ya ndoo, mikono yangu imekufa ganzi. Alipokuwa anakunja mpira wake akaniuliza nani aliyefunika maji.

Nikasema, "Sisi."

Nililichukia neno hilo lilivyonitoka. Lilikuwa na adabu, kama kila kitu changu wiki ile.

Mwekundu alikufa Jumapili asubuhi, amelala upande, na ndama wake ndani. Nilipofika daktari alikuwa ameshakuja na kuondoka, na mkulima mwenye kiwanja alikuwa amemfunika kwa turubai. Alitusaidia kupiga simu kwa wanaobeba mizoga. Nyama yake haikumfaa hata mtu mmoja, kwa sababu hakuchinjwa, alikufa kibudu. Watu wote waliotaka mnyama wao wa halali walikuwa na mzoga wa kutupa.

Mjomba akaja na madumu yake manne kwenye gari. Mume wangu alikuwa amempigia, lakini kwa ile lugha yetu ya kuzungukazunguka alimwambia tu kuna ng'ombe hajisikii vizuri. Mzee akaliona turubai. Akaliona hori liko wazi. Akageuza dumu tupu, akalikalia.

Mimi nilikuwa nimekuja na hasira yangu imeiva. Usiku kucha sikulala, nimeyapanga maneno, nitakayomwambia mume wangu na nitakayoliambia kundi zima na mioyo yao. Na huyu mzee nilikuwa nimemwekea ya kwake.

"Ni maji?" akaniuliza.

"Ni maji, mjomba."

"Daktari ndiye aliyekwambia?"

"Hapana. Nilijua tangu Jumatano."

Aliinua uso. Nilitegemea machozi, nilitegemea aseme ni mipango ya Mungu, na nilikuwa tayari kumrukia akisema hivyo. Hakusema.

"Jumatano ulinishika bega," akasema. "Ukaniambia Mwenyezi Mungu akulipe."

"Ndiyo."

"Ulijua namuua, ukaniombea dua."

"Nilikwambia mmoja anamaliza madumu mawili, mjomba. Nilikwambia."

"Uliniambia kama unavyowaambia wale wazee wako wa kazini. Mtu anasema anataka kwenda kwao kwenye nyumba iliyobomolewa zamani, na nyie mnasema ndiyo, ndiyo, kesho tutakwenda. Nimekuja nchi hii hujazaliwa. Nimeendesha teksi, nimetukanwa kwa kila lugha, nimeambiwa shuka, nimeambiwa rudi kwenu, na kesho yake nikawasha gari. Wewe ungeniambia mjomba mjinga, toa ubao, ningekufa? Mimi sina haki ya kukosolewa? Au nimeshakuwa wa kuachwa mpaka nife na mimi?"

Yote niliyoyapanga usiku yalikuwa ya mtu mwenye haki ya kukasirika, na haki ile ameichukua yeye, akaikalia pale kwenye dumu, na ilikuwa yake. Mume wangu akaanza, "Mjomba, yeye alikuwa anakuheshimu tu." Mzee akamwambia, "Nyamaza," na akanyamaza. Nilichukia jinsi alivyonyamaza haraka. Ndivyo nilivyonyamaza mimi.

Wiki iliyofuata haikuwa tena ya mjomba. Niliichukua mimi, nikalifuta jina la mume wangu kwenye orodha nikaandika langu, na hakuna aliyeuliza. Kundi la WhatsApp lilikuwa na innalillahi nyingi, kisha likawa kimya. Kila asubuhi nilikagua hita, nikavunja barafu ya pembeni kwa nyundo, nikawatazama wanne wakinywa mpaka waache wenyewe. Hasira ilikuwa pale pale. Nilikuwa naivaa na buti, naivua na buti.

Alhamisi mjomba akaja. Hakuleta dumu. Tulisalimiana, akachukua uma wa kubebea nyasi akaanza kazi, polepole kwa sababu ya lile goti. Nilikuwa nafunga bomba nilipoona anazirundika nyasi upande wa wazi, kule ambako kaskazi ya Maryland inapita bila kizuizi. Nusu zingepeperuka kabla ng'ombe hawajafika, na zilizobaki wangezila wakipigwa na upepo. Alikuwa amezipanga vizuri sana, kwa uangalifu, kama mtu anayetandika mkeka wa wageni. Mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka kwenda kumshika bega.

Nikaushusha. "Mjomba, umekosea."

Akasimama. Akanitazama, akautazama upepo ulivyokuwa unazichukua zile nyasi za juu. "Wapi basi?" akauliza.

"Nyuma ya miti."

Akazihamisha zote, uma baada ya uma, na mimi nikasimama pale na hasira yangu, maana ilikuwa imetoka kirahisi kabisa. Maneno mawili. Jumatano ile nilikuwa nayo mdomoni.